Laini Mbili, Kumbe Moja!

Msomaji wangu, siku ya mwisho ya kuomba mikopo ya chuo ilinikuta Mugumu, steshenari ya binamu yangu. Foleni hadi barazani. Jioni mtandao ukagoma! Binamu akatamba: “Msihofu, ruta yangu ina laini mbili.” Tukangoja weee, wapi! Binti mmoja toka Nata akaanza kulia.

Nikaichungulia. Jamani! Matundu mawili ya laini, lakini modemu moja tu ndani, na haihami mpaka laini ya kwanza ikose mnara kabisa. Mnara ulikuwepo, tena umejaa. Intaneti ndiyo haipiti.

Basi wewe wa Tarime au Sirari unayetaka kununua, usidanganywe na matundu. Nenda dukani na laini za kampuni mbili tofauti. Tundu la kwanza weka iliyoishiwa bando, la pili yenye bando. Ikihama yenyewe, lipa. Isipohama, mrudishie mwenyewe. (Nyaya za baharini zikikatika, kama EASSy na Seacom tarehe 12 Mei 2024, laini zote mbili zaweza kulala, hapo usiilaumu ruta.)

Binti wa Nata tulimwokoa saa tano usiku, kwa simu yangu. Bando binamu hajanirudishia mpaka leo.