Kompyuta Kuukuu na Siri za Watu

Katika ofisi ndogo ya msikiti wetu hapa Shinyanga ipo kompyuta mpakato iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika, miongoni mwa zile zinazoingia nchini kutoka Dubai. Ndani yake mna daftari la ndoa, hesabu za waqfu, majina ya watoto wa madrasa, na orodha tusiyomwonyesha mtu: wajane na mafukara wanaopokea zaka. Wamo humo akina mama ambao waume zao walikwenda machimboni Geita wasirudi, na majirani hawajui kuwa wanasaidiwa.

Mashine hiyo ilikuwa ikitumia Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Haikuzimika siku hiyo, ndiyo maana wengi hawakutambua kitu. Kilichokoma ni marekebisho ya usalama yaliyokuwa yakija bure; tundu likigunduliwa, halizibwi, isipokuwa kwa aliyejiandikisha katika huduma ya nyongeza, nayo ni ya muda tu. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 pamoja na kichakataji kisicho cha zamani. Yetu haikukidhi.

Katika kikao cha kamati wapo waliotaka tuchangishane tununue mpya. Hatukuafiki, kwani paa la madrasa linavuja. Kijana mmoja fundi akasema ipo programu inayoruka ukaguzi na kuiweka Windows 11 katika mashine isiyostahili. Ni kweli. Rufus hufanya hivyo, na wenye kompyuta za Apple wanayo OpenCore Legacy Patcher. Lakini Microsoft imetamka wazi kuwa mashine za namna hiyo hazina dhamana ya kupata marekebisho. Kwa kompyuta ya kusikilizia mawaidha nyumbani, hatuoni ubaya. Kwa orodha ya wajane, tuliona haitoshi. Fundi alipoongeza kuwa anayo na nakala isiyo na leseni, mweka hazina wetu alimkata kauli: hesabu za zaka haziwezi kukaa ndani ya kitu cha wizi.

Tukaelekea Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ambao hutolewa bure kwa idhini ya wenyewe. Watanzania si wageni kwake: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Sisi tulichagua Linux Mint ya Xfce, iliyo nyepesi na inayoridhika na kumbukumbu ya gigabaiti 4.

Kwanza tulinakili kila kitu katika fleshi mbili. Kisha tukaujaribu mfumo kutoka fleshi ya tatu kabla ya kuuweka, jambo linaloruhusiwa na lisilogusa diski. Hesabu zilifunguka vyema katika LibreOffice. Fomu ya ndoa ilipinda mistari, tukaiandika upya, na printa ilitugomea siku mbili nzima hata tukadhani tumekosea njia.

Wakati wa kuuweka tulichagua diski ifungwe kwa nywila, ili kompyuta ikiibwa mwizi asisome jina la mtu. Nywila hiyo tunaijua wawili, katibu na mweka hazina. Imamu alikataa kuambiwa.