Swali la Magamba na Video za Sayansi Mikononi mwa Vijana Wetu



Mijini Korogwe na Handeni, na katika vijiji vinavyoizunguka miji hiyo, simu janja imekuwa mwalimu wa ziada. Kwenye vijiwe vya bodaboda, na majumbani wanafunzi wanaporudi likizo, vijana hutazama video fupi zinazoeleza kwa nini anga ni la buluu, kwa nini mwezi huonekana mkubwa unapochomoza, na jinsi mwanga wa jua unavyosafiri takribani dakika 8 hadi kutufikia. Nyingine huenda mbali zaidi, zikizungumzia mashimo meusi, umri wa nyota na mwanzo wa ulimwengu. Wako wazazi wanaohofia kwamba mambo haya yatawaondolea watoto wao imani.

Sisi tunaona kwanza jambo la kushukuru. Kijana anayetumia bando lake dogo ili ajue nyota ni kitu gani ameanza kustaajabu, na huko kustaajabu ndiko anakoanzia Mzaburi anapoziinulia mbingu macho yake. Hata hivyo, hatuna budi kujiuliza: je, video hizi zinawafundisha vijana wetu kuuliza, au zinawazoesha kupokea majibu tu?

Mfano wa kutusaidia uko jirani. Kutoka Mombo, wilayani Korogwe, barabara hupanda milima ya Usambara hadi Lushoto, na mbele kidogo iko Magamba. Mwaka 1963, katika shule ya Magamba, mwanafunzi wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa yenye sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa finyu, naye akiogopa kuikosa, aliyaweka maziwa yake yangali ya moto. Baada ya muda wa saa moja na nusu hivi, yake yalikuwa yameganda, ilhali ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa yalikuwa bado uji mzito. Alipomuuliza mwalimu wake wa fizikia sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa.

Hakuliacha swali lake. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, aliliuliza tena, akaishia kutaniwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba peke yake. Siku moja Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, aliitembelea shule hiyo. Mpemba alisimama akauliza, na wenzake wakacheka. Osborne naye hakusadiki papo hapo, lakini aliahidi kulijaribu jambo hilo, na aliporudi chuoni alitimiza ahadi yake. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala juu ya suala hilo, na hadi leo wanasayansi duniani huliita athari ya Mpemba.

Habari hii ni kipenzi cha watengenezaji wa video. Ni rahisi kusema kwa dakika moja kwamba maji ya moto huganda upesi kuliko ya baridi, kutaja sababu moja, na kufunga mjadala. Ukweli wenyewe una safari ndefu zaidi. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kiliitisha shindano la kueleza sababu ya athari hiyo, kikapokea majibu zaidi ya 20,000. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walichapisha matokeo ya vipimo vyao, wakitilia shaka kama athari yenyewe ipo. Walionyesha kwamba hata kusogeza kipimajoto kidogo tu ndani ya chombo kunaweza kubadili matokeo. Wako wengine wanaoendelea kuitetea. Swali la kijana wa Magamba bado linawashughulisha wataalamu.

Hatari tunayoiona ni hii. Kijana aliyezoea kupokea jibu bila kuuliza limepatikanaje hana kinga siku ile video nyingine, yenye sauti ile ile ya uhakika na picha nzuri zile zile, itakapomwambia kwamba majani fulani yanaponya kisukari, hivyo bibi yake aache dawa za hospitali; au kwamba mwisho wa dunia umekwisha kupangiwa tarehe. Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike wapime mambo yote na kulishika lililo jema (rej. 1Thes 5:21). Agizo hilo linahusu pia kile kinachotufikia kupitia simu.

Kwa upande wetu, wachungaji, makatekista na wazazi, tusiwe kama wale waliomcheka Mpemba. Mtoto wa Kipaimara anayeuliza juu ya nadharia ya mlipuko mkuu, akijibiwa kwamba maswali hayo ni ya wapagani, anajifunza jambo moja tu: kwamba Kanisa linaogopa. Hakuna aliyemwambia kwamba nadharia hiyo ilianzishwa na padre Mkatoliki, Georges Lemaître wa Ubelgiji. Mwaka 1927 alieleza kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulikuwa na chanzo kimoja kidogo mno. Mwaka 1951 Papa Pius XII alipoelekea kuiona nadharia hiyo kama ushuhuda wa uumbaji, Lemaître hakufurahia. Kwake, sayansi ilipaswa kupimwa kwa vipimo vyake, wala imani katika Mungu Muumba haikuhitaji kuegemea nadharia ambayo kesho ingeweza kusahihishwa. Alibaki padre na mwanasayansi hadi alipofariki mwaka 1966.

Basi tunapendekeza mambo mepesi. Katika vikundi vya vijana, na katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, video ikitazamwa, yaulizwe maswali matatu: nani anasema, amejuaje, na je, wako wanaopinga? Pale penye friji, wachukue vikombe viwili vya bati vinavyofanana, wavijaze maji kwa kiasi sawa, kimoja ya moto na kingine ya baridi, waangalie kipi kinatangulia kuganda, waandike saa, na warudie mara kadhaa. Huenda matokeo yakatofautiana kati ya nyumba na nyumba. Hapo watakuwa wameonja kazi ya sayansi yenyewe. Na kijana akimletea katekista swali gumu, ajibiwe kwa uaminifu, hata kama jibu ni kwamba tutafute pamoja.

Bikira Maria, Kikao cha Hekima, awaombee vijana wetu wa Handeni na Korogwe.