Jina, Simu na Kitambulisho: Kila Kimoja Katika Safu Yake

Juma lililopita jirani yangu hapa Kyambogo, mke wa askari polisi, aliniletea orodha ya chama chao cha akiba. Kila mwanachama alikuwa amejiandikisha katika safu moja: huyu ameanza na jina, yule na simu, mwingine na kitambulisho. Mweka hazina alitaka safu tatu kabla ya kugawa fedha.

Kosa nililolifanya kwanza ni kukata kwa zamu, neno la kwanza huku, la pili kule. Simu zikaingia penye majina! Yafaa kutazama umbo la kitu, si mahali kilipokaa. Simu ya mkononi kwa kawaida ina tarakimu 10, nayo huanza na 07. Namba ya kitambulisho cha raia ina herufi na tarakimu 14. Ya mwanamke huanza na CF, ya mwanamume CM. Ukiviondoa hivyo viwili, linabaki jina. (Jihadhari, kompyuta huimeza sifuri ya mbele usipoiambia kwamba safu ile ni ya maandishi.)

Jina ndilo gumu. Kwetu wengine hutanguliza la ukoo, wengine la dini, na umbo halisemi lipi ni lipi. Mjane mmoja ninayemfahamu alizungushwa miezi minane kudai haki ya marehemu mumewe, kwa kuwa majina yaligeuzwa daftarini. Kwa hiyo sikubahatisha. Niliomba kila mmoja alete kitambulisho, ambacho hutenga jina la ukoo na jina alilopewa mtu. Tunawangoja watatu.