Hawaii Imesikika, Kaisho Je?

Ndugu msomaji, leo nimekasirika, na sitajifanya nimetulia.

Juzi nilikuwa Kaisho, wilayani Kyerwa, kwa mjomba. Jioni redio ya dukani inaunguruma: bongo fleva, kisha rumba ya Kongo, kisha rege, kisha bongo fleva tena. Sina ugomvi na muziki huo, nami naucheza. Lakini nyumba ya tatu kutoka pale dukani anakaa mzee mpiga enanga. Nikamwamkia, nikamuuliza kama amewahi kusikika redioni. Akacheka. "Mjukuu wangu, redioni wanakaa watu wa mjini."

Hebu niwape kisa cha mbali. Mwaka 1935, kule Honolulu, Webley Edwards, mzaliwa wa Oregon wala si Mhawaii, alianzisha kipindi cha redio kiitwacho Hawaii Calls. Wanamuziki walipiga uani mwa hoteli ya Moana, chini ya mti mkubwa, na kipaza sauti kikanasa hata mawimbi ya Waikiki. Kipindi kilidumu miaka 40, hadi 1975, kikirushwa na mamia ya vituo. Visiwa vilivyo peke yake katikati ya bahari vikajulikana duniani kwa gitaa lile linalopigwa likiwa limelazwa mapajani. Kwa nini? Kwa sababu mtangazaji mmoja aliona muziki wa pale alipo unastahili kufika mbali.

Msinielewe vibaya, Edwards hakuwa malaika. Nyimbo nyingi zilitiwa sukari kuwavutia watalii, na nyingine ziliimbwa kwa Kiingereza, wakati Kihawaii chenyewe kilikwishasukumwa nje ya madarasa na sheria ya 1896. Basi tujifunze mawili: muziki upelekwe mbali, lakini uende na mwenyewe na lugha yake.

Watangazaji wetu wanasema nini? "Wasikilizaji hawaelewi Kinyambo." Acheni hizo! Kilingala nani alitufundisha? Mwaka 2001 Saida Karoli aliimba Kihaya katika "Maria Salome", nchi nzima ikacheza. Mwaka 2016 Diamond na Rayvanny wakauchukua wimbo huohuo, wakatoka na "Salome". Tatizo si lugha, bwana. Tatizo ni kuona haya.

Tena wageni na wasomi walikwishatutangulia. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifunga safari na mitambo yake mizito ya kurekodi, akazinasa enanga za Wahaya. Mwaka 1983 M. M. Mulokozi aliandika makala akiwajadili wapiga enanga kama mafundi wa tendi. Tendi, ndugu zangu! Sisi tunaojiita waandishi chipukizi tunahangaika kumwiga Shakespeare, kumbe mtunzi wa tendi anakaa jirani na duka la sukari.

Kituo kimoja nilikipelekea sauti ya yule mzee. Nikaambiwa nilipie muda wa hewani, kama tangazo la sabuni.

Lakini nisiwatupie wengine mawe tu. Babu yangu mwenyewe alikuwa mpiga enanga. Akianza kupiga, mimi nilikuwa naongeza sauti ya redio yangu. Simu ya kurekodi ilikuwa mfukoni mwangu, Tracey angeililia, na sikumrekodi hata dakika moja. Amekufa. Ubao wa enanga yake umeegemea ukutani, nyuzi mbili zimekatika, na hakuna mtu nyumbani anayejua zilivyokuwa zikikazwa. Ndiyo maana nakasirika.

Ninachodai ni kidogo: nusu saa kwa wiki. Mtangazaji amtaje mpigaji kwa jina na kijiji chake, amwache aimbe kwa Kinyambo mpaka mwisho, kisha amwombe aeleze kwa Kiswahili ni ng'ombe gani anasifiwa na ni vita gani inasimuliwa. Amlipe. Halafu arushe, Mwanza wasikie, Dar wasikie, na Honolulu nao wakitaka.

Na wewe unayesoma ukurasa huu, kalamu unayo, simu unayo. Usingoje kituo. Likizo hii nenda kwa mzee wako, mwamkie, kaa chini, bonyeza kitufe. Ukifika umechelewa, usiseme hukuambiwa.