Jenerali wa ukoo wa kriketi

Neville Lyttelton alizaliwa mwaka 1845 katika ukoo wa makabaila wa Hagley, Uingereza, akiwa mmoja wa ndugu wanane wa kiume, wote wachezaji wa kriketi. Mwaka 1867 ukoo huo ulijaza timu nzima ya watu 11: baba, wadogo zake wawili na wanawe wanane, kitinda mimba Alfred akiwa na miaka 10 tu. Wakaishinda shule ya Bromsgrove. Alfred huyo ndiye aliyekuja kuwa mtu wa kwanza kuichezea England soka na kriketi. Mwaka 1884, katika uwanja wa Oval, ingawa alikuwa mlinda wiketi, alishika mpira na kuwatoa Waaustralia wanne.

Neville hakufika huko uwanjani. Mwaka 1865 alijiunga na kikosi cha Rifle Brigade, na jina la ukoo lilimfungulia milango: mume wa mama yake mkubwa alikuwa William Gladstone, aliyepata kuwa waziri mkuu mara nne. Hata hivyo, kusema alibebwa tu ni kumwonea. Alipigana Misri mwaka 1882, na mwaka 1898 aliongoza brigedi huko Omdurman, Sudan, ambako silaha za jeshi la Jenerali Kitchener ziliua maelfu ya wafuasi wa Khalifa, mtawala wa Sudan, kwa muda wa saa chache. Mauaji ya namna ile hayampi kamanda sifa ya ujuzi. Kipimo chake halisi kilikuwa Natal, Afrika Kusini, katika vita dhidi ya Makaburu.

Januari 24, 1900, askari wa Uingereza walibanwa kileleni Spion Kop, Makaburu wakiwamiminia mizinga. Wakuu walipokuwa wakisitasita, Lyttelton hakungoja amri: alituma kikosi kimoja kuwaongezea nguvu waliobanwa na kingine kushambulia vilima viwili vya jirani. Kikosi hicho cha pili kilipanda mteremko mkali kikaviteka jioni, kamanda wake akauawa hapohapo. Jenerali Buller, kamanda wa Waingereza huko Natal, hakuridhika, na kikosi kikarudishwa. Usiku uleule Waingereza wakaiacha Spion Kop, ilhali Makaburu wengi nao walikuwa wamekwisha kuvunjika moyo na kuondoka. Siku hiyo Lyttelton aliona mbali kuliko wakubwa wake.

Mwaka 1904 akawa mkuu wa kwanza wa Makao Makuu ya Jeshi chini ya muundo mpya. Wakati huohuo Alfred alikuwa Waziri wa Makoloni, na ni katika uwaziri wake, mwaka 1905, Himaya ya Afrika Mashariki, Kenya ya leo, ilipohamishiwa wizara hiyo. Kwa ndugu wawili kushika jeshi na makoloni kwa pamoja, ukoo mmoja ulikuwa na madaraka makubwa mno. Lakini katika kazi za ofisini Neville alipwaya; wasaidizi wake walimwona mpole na mzito wa kuamua.

Aliongoza majeshi ya Ireland kuanzia 1908 hadi 1912, kisha akawa gavana wa Royal Hospital Chelsea, makao ya askari wazee. Mwaka 1916 aliteuliwa katika tume iliyochunguza maafa ya jeshi la Uingereza huko Mesopotamia, Iraq ya leo. Alibaki gavana wa Chelsea hadi alipofariki mwaka 1931.