Divai Iliyokwisha Funguliwa

Mke wa askari mmoja wa Ludara, wilayani Koboko, alibakiwa na nusu chupa ya divai nyekundu baada ya sherehe ya mahafali ya binti yao. Mumewe alikuwa Somalia, ambako askari wa Uganda wametumikia tangu mwaka 2007, naye alitazamiwa kuja likizo baada ya wiki sita. Mama huyo akakirudisha kizibo, akaisimamisha chupa juu ya kabati karibu na dirisha, akawaonya watoto wasiiguse. Siku ya siku, mume alimiminiwa bilauri yake mbele ya wazee. Alipoionja tu, akakunja uso. Ilikuwa siki. Mama aliona haya kubwa, kwani chupa ile ilinunuliwa kwa fedha alizozituma mume mwenyewe.

Haukuwa uzembe. Alikwisha sikia, kama wengi walivyosikia, kwamba divai huzidi utamu kadiri inavyokaa. Neno hilo ni kweli kwa baadhi ya divai tu, nazo zikiwa zingali zimefungwa. Kwete haimdanganyi mtu. Kila mama wa Arua na Koboko ajua kwamba haingoji. Divai hudanganya kwa chupa yake nzuri na maandishi yake ya dhahabu.

Adui ni hewa. Chupa ifunguliwapo, oksijeni huingia; kwanza harufu ya matunda hufifia, kisha bakteria wa siki, ambao huihitaji hewa hiyo, hugeuza kileo kuwa asidi. Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, aliyachunguza mambo haya katika miaka ya 1860. Joto huiharakisha kazi hiyo, na katika kiangazi cha West Nile, kati ya Desemba na Machi, joto si haba. Kizibo peke yake hakitoshi, maana hewa iliyomo katika nusu tupu ya chupa imekwisha fungiwa pamoja na divai.

Dawa iliyo rahisi ni kuiondoa nafasi hiyo. Mara wageni wanapoinuka, na si kesho yake, divai iliyobaki imiminwe katika chupa ndogo ya kioo iliyooshwa kwa maji ya moto na kukauka, ijazwe hadi shingoni, kisha ifungwe barabara. Ikikosekana, chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita yafaa kwa siku chache: ibinywe mpaka divai ipande mdomoni, ndipo ifungwe.

Kisha iwekwe mahali pa baridi, hata ile nyekundu. Katika friji itadumu siku tatu hadi tano. Pasipo friji, kuna vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, na mchanga wenye maji kati yake, juu pakafunikwa kitambaa kibichi, vyote vikiwa kivulini penye upepo. Mwalimu Mohammed Bah Abba wa Nigeria alivieneza vyungu hivyo kuanzia mwaka 1995 kwa ajili ya mboga. Hupoza vema wakati wa kiangazi. Masika, hewa ikiwa na unyevu, msaada wake ni mdogo.

Divai yenye mapovu haifiki mbali, na kile kijiko ambacho watu hukitumbukiza katika mdomo wa chupa hakisaidii kitu. Divai ya sanduku ndiyo mvumilivu: mfuko wake hunywea kadiri inavyopungua, hewa isipate njia, nayo yaweza kukaa mwezi.

Lakini hakuna hila itakayoifikisha nusu chupa ya kawaida wiki sita. Mama yule angeliweka chupa nzima, haijafunguliwa, imelazwa gizani ili kizibo kisikauke, na ile nusu wangeimaliza majirani usiku uleule.

Ile siki ilimwagwa uani. Ni hasara ya pili, kwa kuwa siki ya divai si sumu: vijiko vitatu pamoja na kitunguu na chumvi, nyama ya mbuzi mzee ikilala humo usiku kucha, asubuhi huiva upesi zaidi.