Jina moja Goma na Gisenyi, lakini banki mbili: mtihani wa wakuu wa fedha wa Afrika Mashariki

Tangu AFC/M23 ilipochukua mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, banki za biashara zilifunga milango. Walimu, wauguzi na wafanyabiashara wenye akaunti walijikuta na makuta yaliyoandikwa kwenye karatasi tu, bila kuyashika. Hatua chache kutoka Petite Barrière, upande wa Gisenyi, banki zenye wamiliki walewale wa Nairobi ziliendelea kuhudumia wateja. Ndiyo maana swali hili limesikika sokoni, kanisani na kwenye vikao vya likelemba: kama mwenye banki ni mmoja, kwa nini pesa yangu haivuki mpaka ambao mimi mwenyewe navuka kwa miguu?

Ili kulijibu, inabidi kuangalia kazi ya watu ambao hatuwaoni mara nyingi: wakuu wa fedha wanaoongoza banki moja katika nchi nyingi, zenye sheria, lugha na mazoea tofauti.

Nairobi ilivyoingia Kongo

Kundi la Equity la Kenya liliingia nchini mwaka 2015 kwa kununua ProCredit Bank Congo. Mwezi Agosti 2020 likalipa dola milioni 95 kwa familia ya Forrest na kupata asilimia 66.53 ya BCDC, banki iliyoanzishwa mwaka 1909 wakati wa Wabelgiji. Banki hizo mbili zikaunganishwa kuwa EquityBCDC. Desemba 2022, kundi la KCB, nalo la Kenya, likachukua asilimia 85 ya Trust Merchant Bank, tunayoiita TMB. Mwaka 2023 CRDB ya Tanzania ikafungua Lubumbashi. Katikati ya hayo yote, mwaka 2022, Kongo yenyewe ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Wageni hawa walifanya jambo la kuangaliwa vizuri: hawakufuta majina. Herufi za BCDC zilibaki, na TMB ikabaki TMB. Equity pia ilimweka Mkongomani, Célestin Mukeba, kuongoza banki yake hapa. Mtu aliyezoea kuhesabu gharama tu angeona ni afadhali kubandika kibao kipya na kumtuma meneja kutoka Nairobi. Lakini wanaojua nchi hii wanajua kwamba Mkongomani haweki pesa kwa sababu ya tangazo. Anaweka kwa sababu ya jina alilolizoea na mtu anayeweza kwenda kumwona.

Hofu hiyo ina historia. Desemba 1979 serikali ya Mobutu iliondoa noti za zaire 5 na 10 kwa ghafla, na familia nyingi zikabaki na makaratasi. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya: zaire milioni tatu za zamani zikawa moja, na Kasai ikakataa kuitumia. Mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo. Mtu aliyepita katika hayo yote hawezi kuhesabu akiba yake kwa pesa ya nchi. Ndiyo maana sehemu kubwa sana ya akiba zilizomo katika banki za Kongo iko katika dola, na ndiyo maana muuzaji wa Birere hugeuza noti ya dola mara mbili na kuikataa akiona imechanika kidogo. Mkuu wa fedha aliyekulia kwenye shilingi ya Kenya anaweza kuona hayo ni ukaidi. Ukweli ni kwamba watu wamejifunza kwa hasara.

Kwa nini pesa haivuki

Sasa turudi kwenye swali la mpaka. Kibao cha Gisenyi na kile cha Goma vinaweza kuwa na rangi moja, lakini kisheria nyuma yake kuna kampuni mbili. Ile ya Gisenyi inasimamiwa na Banki Kuu ya Rwanda, Kigali. Ile ya Goma inasimamiwa na Banki Kuu ya Kongo, Kinshasa. Vitabu vyake ni tofauti, mtaji wake ni tofauti, na deni ambalo banki ya Goma inakuwia ni lake peke yake. Waliovuka na kadi na kufaulu kutoa kitu kwenye mashine za Rwanda walisaidiwa na mtandao wa kadi wa kimataifa, na makato yakawa juu yao. Kuwa na mwenye mali mmoja hakukuwafungulia mlango.

Kuna pia kizuizi cha pili. Banki ya biashara haiwezi kuishi bila banki kuu, kwa sababu huko ndiko inakopata noti na ndiko inakolipana na banki nyingine. Kinshasa ilipopoteza mji, njia hiyo ilikatika. Aprili 2025 AFC/M23 ilifungua tena CADECO mjini Goma, lakini Kinshasa haikuitambua hatua hiyo.

Kizuizi cha tatu kiko mbali zaidi. Marekani iliiwekea AFC vikwazo mwezi Julai 2024. Malipo ya dola kati ya banki hupitia kwenye banki kubwa za Marekani, na banki inayoshukiwa kufanya kazi na kundi lenye vikwazo inaweza kufungiwa njia hiyo. Ikifungiwa, hasara haitabaki Goma: mteja wa Lubumbashi, Kinshasa na hata Nairobi ataisikia. Kwa hiyo mkuu wa fedha anayetazama ramani nzima ana sababu ya kutofungua, hata kama moyo wake uko na mteja wa Goma.

Hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii, na haifundishwi vizuri shuleni. Hesabu zinaweza kujumlishwa mwisho wa mwaka katika kitabu kimoja pale Nairobi. Uaminifu wa watu haujumlishwi hivyo. Unajengwa mji kwa mji, na unaweza kubomoka mji kwa mji.

Juba ilishaonyesha

Makundi haya ya Kenya yalishapata somo Sudan Kusini. Yaliingia Juba wakati nchi ilikuwa na matumaini ya uhuru wa 2011. Desemba 2013 vita vikaanza. Desemba 2015 serikali ikaiachia paundi ijitafutie bei, na thamani yake ikaanguka vibaya. Mali iliyoonekana kubwa kwa paundi ikawa ndogo ilipohesabiwa kwa shilingi. Lakini hawakuiacha nchi hiyo.

Goma nayo haikufungwa kwa mara ya kwanza. Novemba 2012 M23 iliushika mji kwa siku kumi hivi, kisha ikaondoka, na shughuli za banki zikarudi. Safari hii ni ya muda mrefu zaidi, na kila mwezi unaopita, watu wanazoea kuishi bila banki. Wanatumia M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, wakilipa kamisheni kila wanapotafuta noti. Wanarudi kwenye likelemba na kwenye AVEC. Atakayefungua mlango kesho atakuta mteja aliyejifunza kuishi bila yeye.

Wakaaji wana haki ya kujua nini

Hakuna anayeweza kumlaumu mkuu wa fedha kwa kuheshimu sheria. Lakini ukimya ni jambo lingine. Mfanyabiashara ambaye duka lake liliporwa mwezi wa Januari na ana mkopo anahitaji jibu: je, riba inaendelea kuhesabiwa wakati ofisi ya kulipia imefungwa? Mwenye akiba ya muda maalum anauliza kama faida yake inaendelea. Mjane anauliza atafanyaje kurithi akaunti ya marehemu kama hakuna wa kupokea karatasi. Maswali haya hayahitaji noti hata moja kujibiwa. Yanahitaji sauti inayotambulika, kwa Kiswahili na Kifaransa, inayosema kilicho wazi na kisicho wazi.

Wakati huohuo, wenye akaunti watunze mikataba, taarifa za mwisho za akaunti na risiti za malipo. Siku milango itakapofunguliwa, mwenye karatasi atasikilizwa kabla ya mwenye maneno.

Na vijana wa Goma wanaosoma fedha na uhasibu wana nafasi yao hapa. Kongo ni mwanachama wa OHADA tangu 2012, na makampuni yetu hufuata mfumo wake wa hesabu, kwa Kifaransa. Nairobi, Kampala na Kigali zinafuata kanuni za kimataifa za IFRS, na ripoti za makao makuu huandikwa kwa Kiingereza. Anayeweza kusoma vitabu vyote viwili, na tena akajua kwa nini mama wa soko anayeuza viazi vya Masisi hana proforma tatu za kukuletea, ni mtu ambaye makundi haya yanamhitaji. Yakimweka mtu wa namna hiyo kwenye meza ya uamuzi, si kwenye dirisha la kuhesabia noti tu, mkaaji wa Goma atakuwa na mtu Nairobi anayejua swali lake kabla halijaulizwa.